«Sikusema Hivyo»: Juu ya Maneno ya Wakubwa wa Siasa Ndani ya Magazeti



Mambo haya hurudi kila mara. Asubuhi gazeti latoka, na kwa herufi kubwa lamuonyesha mukubwa fulani wa siasa akisema neno zito. Muchana mukubwa yule, ao watu wake, wajibu: «Sikusema hivyo.» Jioni watu wamekwisha kugawanyika: hawa wasema gazeti ni la uongo, wale wasema mukubwa ameogopa neno lake mwenyewe. Na mara nyingi, wala hawa wala wale hawakutafuta kujua maneno yenyewe yalisemwa namna gani.

Twataka leo kulipima jambo hili kwa utaratibu. Hatutafuti kumutetea mukubwa, wala kumutetea mwandishi. Twataka kujua: kutaja maneno ya mutu ni kazi gani? Inaharibika pahali gani? Na ikiisha kuharibika, itatengenezwa namna gani? Mutu akisema kwamba hayo si mambo ya waseminari, tutamujibu kwamba hakuna watu wanaotaja maneno ya wengine kuliko sisi. Muhubiri ataja, mwalimu ataja, katekista anayerudisha kijijini maneno ya barua ya askofu ataja. Kosa la mwandishi wa gazeti ni kosa tunaloweza kulifanya sisi pia, na mbele ya watu wanaotuamini kuliko wanavyoamini gazeti.

I. Gazeti «Uhuru», Dar es Salaam, mwaka 2021

Tuchukue mufano ambao maneno yake yote ni ya Kiswahili, kusudi mutu asiseme kwamba kosa lilitoka kwa mwenye kutafsiri. Mwezi wa tatu wa mwaka 2021, nyuma ya kufa kwa Rais John Magufuli, Bibi Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa makamu wake, alishika urais wa Tanzania. Mwezi wa nane alifanya mazungumzo na redio ya Uingereza, BBC. Kisha, tarehe 11 Agosti 2021, gazeti «Uhuru» likatoka na kichwa hiki katika ukurasa wa kwanza: «Sina wazo kuwania urais 2025», na pembeni yake jina: Samia.

Inafaa kujua «Uhuru» ni gazeti gani. Si gazeti la wapinzani. Ni gazeti la chama kinachotawala, CCM. TANU, chama cha Mwalimu Nyerere, ndicho kilicholianzisha mwaka 1961. Na mwenyekiti wa CCM wakati ule alikuwa Bibi Samia mwenyewe. Kwa hiyo kama gazeti lilikosa, lilimukosea mwenye nyumba yake. Wenye kusema kwamba maneno hupotoshwa kwa chuki peke yake wakumbuke jambo hilo. Mara nyingi chuki haimo. Ni haraka tu, na tamaa ya kuwa na kichwa kinachouzisha.

Siku ile ile Katibu Mukuu wa CCM, Bwana Daniel Chongolo, akatangaza kwamba Rais hakusema maneno yale. Wakubwa watatu wa gazeti wakasimamishwa kazi, na chama chenyewe kikalisimamisha gazeti lake kwa siku 7. Kisha serikali, kwa kinywa cha Bwana Gerson Msigwa, musemaji wake mukuu, ikaongeza adhabu yake: ruhusa ya gazeti ikaondolewa kwa siku 14, kufuatana na sheria ya habari ya mwaka 2016. Lilikuwa gazeti la kwanza kufungwa tangu Bibi Samia kushika urais. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Septemba, mbele ya mukutano wa wanawake, Rais mwenyewe akalishika jambo lile, akauliza ni nani aliyewaambia waandishi kwamba yeye hatasimama. Na kweli alisimama: katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 jina lake lilikuwa kati ya majina ya waliotaka urais.

Hayo ndiyo mambo yenyewe. Sasa tuyapime.

II. Kichwa cha habari juu ya mizani

Kwanza, tutazame neno «sina». Mwandishi hakuandika: «Samia asema hana wazo.» Aliandika: «Sina.» Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini ni kubwa kwa haki. Mwandishi akisema «asema kwamba», yeye ndiye anayesema, na sisi twajua kwamba ameelewa kadiri ya akili yake. Lakini akiandika «sina», na kuweka jina la mutu pembeni, ameondoka mwenyewe, amemuacha yule mutu asimame peke yake mbele ya watu. Ni kama kutia kidole cha mutu katika wino na kukiweka chini ya barua. Wenye kutia kidole cha mwingine namna hiyo wapashwa kuwa na hakika kwamba kila neno la barua limesomwa na kuitikiwa na mwenye kidole.

Pili, tutazame neno «wazo». Lugha yetu ina maneno yenye milango miwili, na hili ni moja lao. Mutu anayesema «sina wazo la kujenga nyumba» aweza kusema hivi: sijafikiri bado, kazi nyingine zimenishika. Aweza pia kusema hivi: sitaki, jambo limekwisha. Kwa kinywa, sauti na uso wa musemaji huonyesha mulango gani umefunguliwa. Kwa karatasi, sauti imekufa na uso hauonekani. Musomaji atapita katika mulango anaoutaka yeye, na katika mambo ya siasa kila mutu autaka mulango wenye kelele. Ndiyo maana neno lenye milango miwili lisiwekwe peke yake katika kichwa cha habari.

Tatu, ulizo limepotea. Maneno ya mazungumzo ni jibu, na jibu bila ulizo ni nusu ya neno. Baba akimuuliza kijana wake: «Unataka kuoa mwezi huu?» na kijana akajibu: «Hapana, sitaki», mutu akienda kutangaza mujini kwamba kijana yule hataki kuoa, je, amesema uongo? Neno «sitaki» lilitoka kweli kinywani mwa kijana. Hakuna herufi iliyoongezwa. Na hata hivyo habari ni ya uongo. Tunajifunza hapa jambo kubwa: mutu aweza kudanganya kwa maneno yote ya kweli. Yatosha kuondoa ulizo.

Ine, tutazame wakati. Kiswahili kina vineno vidogo vinavyobeba muzigo mukubwa: «bado», «sasa», «kwanza», «hata leo». Kati ya «sijafikiri» na «sifikiri» kuna silabi moja tu; lakini «sijafikiri» laacha mulango wazi, na «sifikiri» lakaribia kuufunga. Mwandishi wa kichwa cha habari anatafuta ufupi. Anatupa vineno vidogo kwanza, kwa kuwa anaviona kama maganda ya karanga. Lakini mara nyingi ndani ya ganda lile mumo karanga yenyewe.

Hapa tunapashwa kuonya wasomaji wetu juu ya kosa la kufikiri ambalo tumelisikia kwa watu wenye akili. Wanasema: «Mwaka 2025 alisimama; basi gazeti la mwaka 2021 lilidanganya.» Hapana. Jambo la nyuma halishuhudii neno la mbele. Mutu aweza kusema leo kwamba hataki, na kesho akataka. Wala wasigeuze shauri kwa kusema kwamba mwanasiasa anayekana ni mwenye kuogopa, basi gazeti lilisema kweli. Njia ya kuhukumu ni moja tu: kurudi kwa maneno yenyewe, pamoja na ulizo lake, katika sauti ile iliyopokelewa siku ile. Katika jambo la Dar es Salaam mazungumzo yalifanyika mbele ya mashini ya kupokea sauti. Kumbe mwenye gazeti angaliweza kuyasikiliza tena mbele ya kuandika.

III. Juu ya adhabu

Tumelipima gazeti, inafaa kuipima serikali pia, bila kuogopa.

Kichwa kile kilikuwa na makosa makubwa. Je, dawa yake ilikuwa kulifunga gazeti siku 14? Twaona hapana, na sababu yetu si siasa, ni sababu ya akili tu. Wasomaji waliosoma neno lililopotoshwa walilisoma pahali gani? Ndani ya «Uhuru», katika ukurasa wa kwanza. Basi pahali pa kulitengeneza ni ndani ya «Uhuru», katika ukurasa wa kwanza, kwa herufi zile zile kubwa: hili ndilo ulizo, hili ndilo jibu zima, na sisi tulikata vibaya. Gazeti likifungwa, mulango ule ule ambamo uongo ulitokea unafungwa mbele ya kweli. Musomaji wa jana anabaki na neno la jana. Anasikia tu kwamba waandishi wameadhibiwa, na moyoni mwake anaanza kuuliza: kama ilikuwa uongo, mbona wanaogopa hivi?

Tena, adhabu inayopita kosa inafundisha mambo mabaya. Waandishi wengine hawatajifunza kutaja vizuri, watajifunza kutotaja. Wataandika tu yale yanayoletwa na ofisi ya mukubwa, yamekwisha kupigwa muhuri. Kisha mukubwa hatakuwa tena na maneno yake mwenyewe, atakuwa na maneno ya ofisi tu. Na siku atakapodanganya watu, hatakuwako mutu wa kumukumbusha alilosema jana.

Kwetu Kongo sheria inayo njia nyingine. Sheria ya tarehe 22 Juni 1996, na nyuma yake ile ya tarehe 13 Machi 2023 iliyoshika pahali pake, zinampa mutu aliyetajwa vibaya haki ya kujibu na haki ya kuomba gazeti litengeneze kosa. Ni njia nzuri, lakini ni wachache wanaoifuata. Mukubwa ataka kushitaki. Mwandishi ataka kunyamaza hata jambo lisahauliwe. Hatukosi kumbukumbu ya njia ile nyingine pia. Mwaka 1972, katika siku za «otantisite», serikali ya Mobutu ilikasirishwa na maneno ya gazeti la kikatoliki la Kinshasa, «Afrique chrétienne», ikayahesabu kuwa maneno ya Kardinali Malula mwenyewe. Gazeti likafungwa, na Kardinali akatoka nyumbani mwake akaenda Roma. Hapo hakukuwa ulizo wala jibu. Neno la mumoja liliwekwa juu ya kichwa cha mwingine, na adhabu ikatangulia kupima.

IV. Namna tatu za kukana

Mukubwa akisema «sikusema hivyo», tusifikiri kwamba neno hilo lina maana moja. Sisi twaona namna tatu.

Namna ya kwanza: maneno hayakusemwa hata kidogo. Mutu ameyatunga. Hapa kukana ni haki tupu, na mwenye kutunga ndiye mwenye deni.

Namna ya pili: maneno yalisemwa, lakini yamekatwa, ao yamehamishwa, ao yametafsiriwa vibaya. Hapa mukubwa asiseme tu «ni uongo», maana watu watapata sauti yake na kumucheka. Aseme: «Nilisema hivi na hivi, mumeacha hiki.» Mwenye kukana namna hiyo anaonyesha maneno yake yote, naye anastahili kusikilizwa.

Namna ya tatu: maneno yalisemwa yote, sawasawa, lakini siku hizi yanamuletea haya. Alisema mbele ya watu wake, alipigiwa makofi, na sasa yamefika masikioni mwa watu wengine. Huyu hukana kwa sauti kubwa kuliko wale wawili. Mara nyingi hasemi ni neno gani lililokosewa. Anasema tu kwamba gazeti ni adui, kwamba wamelipwa, kwamba wanataka kugawanya taifa. Msomaji mwenye akili atamutambua kwa ishara hiyo: haonyeshi maneno mengine pahali pa yale anayoyakana.

Kwa hiyo, mbele ya kuchagua upande, tuulize ulizo moja tu: «Basi, ulisema namna gani?» Aliye wa namna ya kwanza na ya pili atajibu. Wa tatu atatukana.

V. Mambo yaliyotokea kwetu

Hapa Likasi hatuhitaji kwenda mbali kutafuta uzito wa maneno yanayotajwa. Katika mwezi wa Januari 1960, muji huu ukiitwa bado Jadotville, buloko yake ilipokea mufungwa mumoja aliyefungwa kwa ajili ya maneno. Patrice Lumumba alikuwa amesema katika mukutano wa chama chake huko Stanleyville mwezi wa Oktoba 1959; fujo zikatokea, watu zaidi ya 20 wakafa. Wabelgiji wakamushitaki kwamba maneno yake ndiyo yaliyowasha moto. Yeye akakana kwamba aliwaita watu kufanya fujo. Tarehe 21 Januari 1960 alihukumiwa miezi 6, akaletwa Jadotville. Lakini huko Brussels wajumbe wa Kongo waliokuwa katika mukutano wa Meza ya Duara hawakukubali kuendelea bila yeye. Tarehe 25 Januari alifunguliwa, akapanda ndege. Tarehe 27, siku ya uhuru ikatangazwa kuwa 30 Juni. Ndani ya wiki moja tu, maneno yale yale yalikuwa kosa la kufungwa na tena sababu ya kuitwa mezani. Kwa nini? Kwa sababu maneno hayakupimwa yenyewe. Yalipimwa kadiri ya haja ya wakubwa siku ile.

Kisha ikaja siku yenyewe ya 30 Juni 1960. Mbele ya Mufalme Baudouin, Lumumba, Waziri wa Kwanza, alisimama akasema hotuba inayojulikana ulimwenguni pote. Tangu siku zile magazeti na vitabu vingi vimemutaja akimwambia Mufalme: «Sisi si nyani zenu tena.» Wazee wetu walilisikia neno hilo, watoto wamelirudilia, na hata leo kuna watu wanaofikiri kwamba ndilo neno kubwa la hotuba ile. Lakini hotuba iliandikwa, na sauti yake ilipokelewa. Mutu akiisoma yote na kuisikiliza, neno hilo halimo.

Yamo mambo mengine, makali kuliko lile. Lumumba ataja kazi ya kuvunja mugongo iliyolipwa mushahara usiotosha kula. Ataja matusi na mapigo. Ataja namna Mwafrika alivyoitwa kwa neno la Kifaransa la kumuita mutoto, na neno la heshima likawekwa kwa Wazungu tu. Ataja inchi iliyonyanganywa kwa karatasi zilizoitwa sheria. Hayo ni mashitaki, na kila moja laweza kupimwa kama ni kweli ao hapana. Lakini neno la nyani ni hasira tu, halipimiki. Na ndiyo sababu lilipendwa. Wale waliomuchukia walilipenda, kwa kuwa lilimuonyesha kama mutu asiye na adabu, na hawakuhitaji tena kujibu mashitaki yake. Wale waliomupenda walilipenda vilevile, kwa kuwa liliwafurahisha moyo. Adui na rafiki walishikana mikono juu ya neno ambalo mwenyewe hakulisema. Wachache wakumbuka kwamba siku ile ile, mezani, alisema maneno mengine ya upole mbele ya Mufalme. Upole hauna kichwa cha habari.

Yeye hakupata muda wa kusema «sikusema hivyo». Tarehe 17 Januari 1961 alipigwa risasi pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito huko Shilatembo, pembeni ya njia inayotoka Lubumbashi kuja kwetu Likasi. Na hapo tunapata fundisho la mwisho, chungu kuliko yote. Tarehe 10 Februari serikali ya Katanga ilitangaza kwamba wafungwa wametoroka. Tarehe 13 Februari Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani, aliwaambia waandishi kwamba wanakijiji wamewaua. Magazeti ya ulimwengu yalimutaja sawasawa. Hakuna neno lililokatwa, hakuna ulizo lililopotea. Na maneno yenyewe yalikuwa uongo: walikuwa wamekwisha kufa karibu mwezi muzima, wala si kwa mikono ya wanakijiji. Basi tujue kwamba kutaja vizuri ni lazima, lakini hakutoshi. Gazeti laweza kuwa aminifu kwa maneno ya mukubwa na kuwa kinywa cha uongo wake. Mwandishi muzuri hufanya kazi mbili: huandika sawasawa lililosemwa, kisha huuliza kama lililosemwa ni kweli.

VI. Ugumu wa lugha

Kwetu kuna ugumu mwingine ambao watu wa Dar es Salaam hawaujui sana. Mukubwa wa siasa husema Kifaransa. Redio hutafsiri kwa Kiswahili. Mutu wa Kikula ao wa Panda husikia na kurudilia kwa Kibemba, Kisanga ao Kiluba. Katika kila kivuko kitu chaanguka majini.

Tutoe mifano miwili. Mukubwa asema «je regrette». Mwenye kutafsiri aandika: «Ninaomba musamaha.» Kumbe mukubwa alisema tu: «Ninasikitika.» Kusikitika si kuomba musamaha, anayesikitika aweza kufikiri kwamba kosa ni la mwingine. Kesho watu wa chama chake watauliza kwa nini ameomba musamaha, naye atasema: «Sikusema hivyo», na atakuwa na haki. Mufano wa pili: mukubwa asema «on verra», yaani tungoje, tutazame. Mwingine atafsiri: «Mutaona!» Kwa Kiswahili chetu hilo ni tishio kabisa. Mutu aliyetaka kungoja amefanywa mutu anayetaka kupigana.

Tena siku hizi magazeti mengi ya Kinshasa hayafiki Likasi kwa karatasi. Yanafika kwa picha ya ukurasa wa kwanza ndani ya telefone. Watu wanasoma kichwa. Habari yenyewe iliyo chini haisomeki ao haikutumwa. Kwa hiyo lile tulilosema juu ya vichwa vya habari lapashwa kukazwa mara mbili: kwa wengi wetu kichwa ndicho gazeti lote.

VII. Mashauri kwa wenye kufundisha

Shida hii haikuanza na magazeti. Mwisho wa Injili ya Yoane twasoma namna habari ilivyoenea kati ya ndugu kwamba mwanafunzi yule mupendwa hatakufa. Mwandishi wa Injili hakuwafunga midomo wala hakuwatukana. Alirudi kwa neno lenyewe, akalionyesha jinsi Bwana alivyolisema, na neno lile lilikuwa na «kama» ndani yake. Ndugu walikuwa wameliangusha njiani. Na katika hukumu ya Bwana mashahidi walitaja neno lake juu ya hekalu; lakini walimuwekea kinywani kwamba yeye ndiye atakayelibomoa. «Kama» iliyoanguka ilileta uvumi. Neno lililogeuzwa lilisaidia kumuua mwenye haki.

Basi tuseme kwa ufupi yanayotupasa sisi tunaofundisha.

1. Tusitaje kwa nafsi ya kwanza ila maneno tuliyoyaona yameandikwa ao tuliyoyasikia wenyewe. Kama tumeambiwa tu, tuseme: «Tumeambiwa kwamba alisema.»

2. Tutaje na ulizo. Neno lililosemwa kama jibu libaki jibu.

3. Tulinde vineno vidogo: kama, bado, labda, sasa, kwanza. Hivyo ndivyo vinavyoanguka mbele ya vingine.

4. Tukitafsiri, na neno likiwa na milango miwili, tuseme wazi kwamba lina miwili. Si haya kusema: «Neno la Kifaransa ni hili, laweza kueleweka hivi ao hivi.»

5. Neno linalotufurahisha sana kinywani mwa adui, ao kinywani mwa rafiki, ndilo la kulichunguza kuliko mengine. Neno la nyani lifundishe.

6. Mutu akikana, tumuulize alisema namna gani, na tumpe nafasi ya kujibu pahali pale pale tulipomutaja. Katekista aliyemutaja mutu vibaya kanisani atengeneze kanisani, si nyuma ya nyumba.

7. Kisha kutaja sawasawa, tusisahau kuuliza: je, lililosemwa ni kweli?

Mwaka 2022 jino la Lumumba, ndilo lililobaki la mwili wake, lilirudishwa kutoka Ubelgiji. Likapitishwa katika inchi, likafika hata Shilatembo, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Kulirudisha kulitaka miaka 61 na kazi ya watu wengi. Kumurudishia maneno yake ni kazi rahisi kuliko ile: hotuba ipo, yaweza kusomwa muda wa robo saa. Tunaomba waalimu wa historia na wa lugha katika masomo yetu waisome yote pamoja na wanafunzi mwaka huu, toka mwanzo hata mwisho, na wawaachie wanafunzi watafute wenyewe neno la nyani. Wakikosa kuliona, watakuwa wamejifunza kusoma magazeti.